Kasha la babu na dalali wa laki nne

Mwezi uliopita nilitia mistari michache hapa kuhusu ukurasa wa msahafu wa mkono nilouona umetiwa fremu unauzwa duka moja la Mji Mkongwe, nikasema roho imeniuma, basi, sikuongeza neno. Barua na meseji zilizokuja sikuzitegemea, mpaka mhariri kaniambia Maalim mwezi huu ukurasa wote wako, wajibu watu wako. Haya nnajibu nilizoweza. Nyengine zimejirudia na nyengine ni matusi, nimeziacha. Majina nimeyaficha kama kawaida yetu.

Maalim, assalamu alaykum. Baba yetu kafariki kabla ya Ramadhani. Tumefungua kasha lake tukakuta vitabu vya mkono 11, vyengine vimekatika katika, alirithi kwa babu alokuwa na chuo cha Qur'an hapa kijijini. Siku ya arubaini kaja dalali kutoka mjini, anasema vibovu hivyo lakini atavichukua vyote kwa laki nne taslim. Tuko watoto sita, wengi tunataka tuuze tugawane, kaka mkubwa hataki. Dalali anarudi Ijumaa. – Mwenye kasha, Wete

Wa alaykumu ssalam mwanangu, pole kwa msiba, Allah amrehemu mzee. Kwanza huyo dalali kajuaje? Mtu apande boti kutoka Unguja mpaka Wete siku ya arubaini na pesa mfukoni, huyo kaambiwa, na kama vitabu ni vibovu kweli basi kavuka bahari kufuata nini.

Ijumaa akija mpe chai, mwambie arudi baada ya miezi mitatu. Akiwa kweli anavitaka atarudi, na asiporudi ujue bei yake ilikuwa inategemea haraka yenu.

Sasa kaeni mutizame vitabu, na musianze na bei, anzeni na ukurasa wa mwanzo wa kila kimoja, na wa pili, na pembeni pale juu. Munatafuta neno waqfu. Wazee walikuwa wakiandika kwa Kiarabu kuwa kitabu hichi ni waqfu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hakiuzwi, hakiwekwi rehani, hakirithiwi. Mara nyengine neno hilo linarudiwa dogo tu pekeyake juu ya kurasa nyingi, ili hata ukurasa mmoja ukichopolewa bado ujulikane ni wa wapi. Mukilikuta basi habari ya laki nne imeisha kwa kitabu hicho, hakikuwa cha baba yenu, yeye alikishika amana tu na nyie hamuna cha kugawana ndani yake. Kirudi pale kilipowekewa, msikitini au chuoni, na kama pahala penyewe hapapo tena nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana mukaulize. Dalali anaejua kazi yake na yeye anaanza kutizama hapo hapo, tafauti ni kuwa akilikuta neno anajua ukurasa upi wa kuondoa. Kwa hivyo mukiona ukurasa wa mwanzo umekatwa kwa wembe, umenyooka vizuri, hapana panya wa kutafuna vile.

Kisha nendeni ukurasa wa mwisho. Mnakili akimaliza kazi alikuwa anaandika jina lake na la baba yake, siku na mwezi na mwaka wa Hijria, akijaaliwa anataja na mji na mtu alomuandikia, na mistari inapungua inapungua mpaka inakuwa kama pembe tatu imesimama kwa ncha. Mwaka huo uzidishe kwa 0.97 halafu ongeza 622 utapata wa Miladia kwa karibu, yani 1285 inakuja 1868, zama za Sultan Majid. Vitabu ambavyo havina mwisho angalieni chini ya kila ukurasa, pembeni kule kuna neno moja limekaa peke yake, hilo ndo neno la kwanza la ukurasa unaofuata, wao hawakuwa na nambari za kurasa kama sie. Neno likilingana kurasa ziko mahala pake, lisipolingana kuna karatasi imepotea au imehama, na mara nyingi utaikuta ndani ya kitabu chengine humo humo kashani.

Pigeni picha kila ukurasa kwa simu, mchana, karibu na dirisha, bila flashi. Kazi ya siku mbili tatu, wape vijana wa skuli.

Ama mirathi, vile ambavyo si waqfu ni mali ya marehemu na kila mrithi ana haki yake, watoto wa kike nao wana yao, kwa hivyo kaka mkubwa akitaka kuvifungia chumbani kwake peke yake hapo mie sipo upande wake. Lakini kugawana si lazima kila mtu aondoke na chake. Nimeona kwa macho yangu tafsiri ya juzuu tatu ndugu watatu wamegawana, moja iko Dubai, moja iko Dar, ya tatu ilikuwa chini ya kitanda Ng'ambo ikaliwa na mchwa. Vithaminiwe vyote kwa pamoja, anaetaka kubaki navyo awalipe wenzake kidogo kidogo. Na kabla ya kuthamini chukueni kimoja mupeleke Nyaraka za Taifa, Kilimani, wakitizame. Mkusanyo wao wa vitabu na makhtuta (maandiko ya mkono) za Kiarabu uliingizwa kwenye rejista ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003, wanajua wanachokitizama. Najua Pemba mutanambia Maalim wakiviona watavichukua, nimeshaisikia hio miaka nenda miaka rudi. Ndo maana nikasema picha kwanza, kisha mwende na kimoja, na karatasi yoyote musiisaini siku hio hio.

Maalim umetuharibia biashara. Nna duka la vitu vya kale Mkunazini mwaka wa 20 huu. Mgeni hawezi kununua kitabu kizima cha kilo mbili, anachotaka ni ukurasa mmoja wenye khati nzuri, yani mwandiko, autie ukutani. Kitabu kimeshakatika, hakina jalada, hakina mwisho, ubaya uko wapi kukiuza kurasa kurasa? Na Ulaya si wanafanya hivyo hivyo? – Mfanyabiashara, Mkunazini

Kaka, mie sikutaja jina wala duka, umejitaja mwenyewe.

Ni kweli wamefanya, na kwa kiwango ambacho wewe na Mkunazini nzima hamukifikii. Marekani alikuwepo bwana mmoja anaitwa Otto Ege, mwalimu wa sanaa Cleveland, kafariki 1951. Alikuwa ananunua vitabu vya mkono vya Ulaya vya zama za kati, anavifumua, anachanganya kurasa na kuzipanga kwenye maboksi, boksi moja lina kurasa 50 kila moja imetoka kitabu chake, anauza. Yeye aliona anafanya wema, kuwa skuli ndogo isiyoweza kununua kitabu itapata japo karatasi ya kuwaonesha watoto. Leo wataalamu wanahangaika mji kwa mji kuzitafuta kurasa hizo wazirudishe pamoja, japo kwa picha kwenye kompyuta. Kazi ya mtu mmoja na wembe.

Na kwetu Waislamu iko ya Shahnama ya mfalme Shah Tahmasp, kitabu cha tenzi cha Uajemi cha karne ya 16, picha 258 ndani, labda kitabu kizuri kuliko vyote vya aina yake. Tajiri wa Marekani, Arthur Houghton, alikinunua 1959 akakifumua, picha 78 akaipa makumbusho ya Metropolitan ya New York, nyengine zikenda sokoni moja moja. Kilobaki, pamoja na picha 118, Iran ilikuja kukipata 1994 kwa kubadilishana na mchoro mmoja wa mwanamke wa msanii Willem de Kooning, wakakabidhiana uwanja wa ndege wa Vienna kama watu wanaobadilishana mizigo. Halafu 2011 ukurasa mmoja tu wa kitabu hicho uliuzwa London kwa pauni milioni 7.4. Sasa nakuona umetabasamu, unasema si ndo nlivyosema mie, kurasa ina bei kuliko kitabu. Ndio, ina bei kwa sababu kila mtu anajua imetoka kitabu gani, kimeandikwa wapi, kwa mfalme gani na kimepita mikono ya nani. Yako ya kwenye fremu haina hata moja katika hayo, umeyakata mwenyewe. Ukurasa wa katikati ya kitabu cha fiqhi, yani sheria za dini, usio na mwanzo wala mwisho ni khati nzuri tu, na khati nzuri hata kijana wa Darajani atakuandikia leo jioni.

Na hilo la kutoka wapi si pambo. Wanunuzi wakubwa, makumbusho na maktaba, tangu mkataba wa UNESCO wa 1970 kuhusu kusafirisha mali za utamaduni kinyemela, suali lao la kwanza ni kitu hichi kilitoka lini nchini kwake na karatasi ziko wapi. Usipokuwa na jibu wanakupita. Kwa hivyo anaebaki kukununulia wewe ni mtalii wa siku tatu, na huyo uwanja wa ndege akifunguliwa begi akaulizwa kibali anakutaja wewe. Kabla hujamuuzia mgeni kitu cha kale nenda Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale ukaulize kinachotoka na kisichotoka.

Jengine, nakuomba uzitoe zile kurasa zenye picha ya simba na ngamia ulizoning'iniza mlangoni (ndio, nimepita). Hio ni mbinu ya zamani, mtu anachukua karatasi ya kweli ya kitabu kilochoka, anachora juu yake picha mpya, karatasi ni ya kale na picha ni ya juzi. Soma maandishi yalozunguka picha uone yanazungumzia nini. Ile ya ngamia nimeisoma, inaeleza hukumu za talaka.

Sikuhubirii kama mtu safi. Nilipokuwa kijana nilichukua juzuu ya bibi yangu mzaa mama nikampelekea mtu kwa bei ya redio kaseti, wala sikuuliza anampelekea nani. Bibi alipojua hakunigombeza, alisema tu, pale pembeni lilikuwemo jina la baba yangu kwa mkono wake. Redio haikumaliza mwaka.

Maalim shikamoo. Nna msahafu wa bibi, mtu kanambia ni wa mkono na una miaka 500. Nitajuaje? – Bububu

Marahaba. Wengi walotuandikia wana suali hili na nahofia wengi wataumia. Vitabu vingi vinavyoonekana vya mkono majumbani kwetu ni chapa ya jiwe kutoka Bombay. Mtu alikuwa anaandika kwa kalamu, maandishi yanahamishiwa kwenye jiwe, kisha zinatolewa nakala mamia, kwa hivyo khati ni ya mkono kweli lakini kitabu ni cha chapa. Chukua kioo cha kukuzia. Kalamu ya mwanzi ikichovywa wino inaanza nyeusi iliyokoza halafu inafifia fifia mpaka ichovywe tena, hio ni mkono. Wino ukiwa umelingana mwanzo hadi mwisho kama ulopimwa, hio ni chapa. Angalia na mwisho kama pana neno tubia, maana yake kimechapwa. Na hapa kwetu pia palikuwa na matbaa, yani kiwanda cha chapa, Sultan Barghash alileta yake akachapisha vitabu vikubwa vya fiqhi ya madhehebu ya Ibadhi miaka ya 1880, Qamus al-Sharia mojawapo, na nakala za matbaa hio nazo ni mali, musizidharau kwa kuwa si za mkono.

Ukiona ni wa mkono uinue ukurasa mtupu juani. Ukiona ndani ya karatasi miezi mitatu, hilali kubwa, ya kati na ndogo zimepangana, hio ni karatasi ya Italia, viwanda vya huko kama cha Galvani mji wa Pordenone vilikuwa vikiwauzia Waarabu na Waturuki na ikafika mpaka pwani yetu. Nyingi unazozikuta huku ni za karne ya 18 na 19. Miaka 500 labda uipunguze, si haba lakini.

Mwanangu Maalim, mie mtu mzima niko Makunduchi. Mchwa wameingia kwenye vitabu vya marehemu mume wangu, nimevianika juani siku nzima, nimepuliza dawa ya mbu na palopasuka nimepiga selotepu. Nimefanya vyema? – Bi Mkubwa

Shikamoo Bi Mkubwa. Nia ilikuwa njema ila naomba usirudie hata moja katika hayo matatu. Jua linakausha karatasi inakuwa kama mkate wa juzi na wino unapauka. Dawa ya mbu ina mafuta, inaacha doa na wewe unaivuta puani. Selotepu ndo adui mkubwa, baada ya miaka gundi inageuka njano inapenya ndani, na ukiibandua inaondoka na herufi. Hio uloibandika iwache, usiibandue.

Unachohitaji ni brashi laini, ile ya rangi lakini mpya, na subira. Kivulini, penye upepo, pangusa vumbi na udongo wa mchwa ukurasa kwa ukurasa ukielekea nje. Mikono mikavu ilooshwa inatosha, glavu za kitambaa zinakunyima kuhisi karatasi na utaichana. Kisha vitie kwenye boksi safi, kila kimoja kifungie kitambaa cha pamba kilofuliwa bila ya kutiwa mafuta wala uturi, na boksi likae juu ya kitu, mbali na ukuta na mbali na sakafu, kwa sababu mchwa wako hawakuja kwa ajili ya vitabu, wamepanda kwenye ukuta unaovuja. Huo ukuta ndo wa kutengeneza kwanza. Masika fungua boksi kila wiki unuse, ukisikia harufu ya ukungu viweke penye upepo, si juani.

Mimi mwanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA. Kwanini kitabu cha mkono cha Mzungu au Myahudi kinauzwa mamilioni ya dola na vyetu ni laki nne? Ni ubaguzi? Na cha kwetu cha kale kuliko vyote ni kipi? – Tunguu

Kiasi ni ubaguzi na kiasi si ubaguzi. Mwaka 2023 Codex Sassoon, Biblia ya Kiebrania ya kama miaka 1,100 iloandikwa kwenye ngozi, iliuzwa New York kwa dola milioni 38.1. Daftari la Leonardo da Vinci Bill Gates alilinunua 1994 kwa milioni 30.8. Vitu hivyo ni vya pekee, ni vizima au karibu na vizima, historia yake inajulikana, na walikuwepo wanunuzi zaidi ya mmoja wenye pesa chumba kimoja. Ondoa kimoja katika hivyo bei inaporomoka. Hata wao wenyewe, tajiri mmoja wa Uingereza, Thomas Phillipps, alofariki 1872 alikusanya makhtuta kama 60,000, alitaka awe na nakala ya kila kitabu duniani, akajifilisi kwa madeni, na alipokufa ilichukua zaidi ya miaka 100 kumaliza kuziuza. Vyengine vilikwenda bei ya kutupa kwa kuwa hakuna alokuwa akijua ni nini.

Vyetu hatujaviandika, hapo ndo penye laki nne. Kitabu kisicho kwenye orodha yoyote mnunuzi wake ni yule yule alokuja mlangoni, na bei anaipanga yeye. Lamu wamefanya jambo, makhtuta za Msikiti wa Riyadha zimepigwa picha kupitia mradi wa Maktaba ya Uingereza, vitabu vyenyewe vimebaki Lamu na picha zinaonekana duniani. Hivyo ndo nnavyotaka kuona huku.

Cha kale kuliko vyote, inategemea unauliza nini. Kwa Kiswahili chenyewe kwa herufi za Kiarabu, kuna barua za Kilwa za mwaka 1711, na haziko Kilwa wala Unguja, ziko Goa, India, kwa sababu waloandikiwa ni Wareno na washirika wao, na Wareno walihifadhi. Tizama na hilo, barua zilotumwa kwa mgeni ndo zilizosalimika. Lakini ukisema maandishi tu, panda daladala mpaka Kizimkazi Dimbani, ndani ya msikiti pana maandishi ya Kufi, mtindo wa kale wa herufi za Kiarabu, kwenye jiwe ya mwaka 500 Hijria, yani 1107. Hayo dalali hajapata njia ya kuyachukua.

Maalim, babu yetu alikuwa akitizamia watu nyota, kaacha kitabu cha falaki kina majedwali na nyota. Mama anasema ni shirki kichomwe, kisitoke nje watu wakakiona. Nikichome? – Chake Chake

Usikichome. Mama yako mwambie nimemuelewa, na wewe hulazimishwi kukitumia, kukiweka si kukifanyia kazi. Falaki za wazee wetu humo humo ndani mna hesabu za kibla, za mwezi, za msimu wa kaskazi na kusi, na dawa za mizizi ambazo mganga wa leo hazijui. Na vitabu vya mkono havikuwa na kitu kimoja tu, karatasi ilikuwa ghali, mtu akiona nafasi nyuma au pembeni anaandika lake, deni la karafuu, siku lilipopatwa jua, nani kafa, nani kazaliwa. Kabla ya chochote kaa na mama ukifungue pamoja kurasa za nyuma, mtafute na mtu anaesoma khati, huenda mkakuta siku alozaliwa yeye, na saa.